Gudulia la mcheza ngoma, na irabu zilikotoka

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo (tutairudia kabla hatujamaliza). Kuna teknolojia moja unayoitumia sasa hivi, hapo ulipo, bila kuilipia wala kuifikiria. Ni irabu. Zile a, e, i, o, u tulizoimbishwa darasa la kwanza. Kulikuwa na wakati ambapo alfabeti haikuwa nazo kabisa, na mojawapo ya ushahidi wa kale zaidi kwamba mtu alikwisha kuzitia ni mstari mmoja uliokwaruzwa kwenye chombo cha kumiminia divai.

Chombo chenyewe kilifukuliwa mwaka 1871 mjini Athens, katika makaburi ya kale karibu na lango la Dipylon, mtaa wa Kerameikos. Huo ulikuwa mtaa wa wafinyanzi, na jina lake ni la ukoo mmoja na neno "seramiki". Ni gudulia dogo, kimo chake kinazidi sentimita 20 kwa kidogo tu. Wagiriki waliliita gudulia la aina hii oinochoe: oinos ni divai, na cheo ni "ninamimina". Wao hawakunywa divai kavu. Waliichanganya na maji katika chungu kikubwa, kisha kijana wa kuhudumia akachota kwa gudulia na kupita akimimina katika vikombe vya wageni. Mengi ya magudulia haya mdomo wake ulibanwa kwa vidole udongo ukiwa bado mbichi, ukawa na mikunjo mitatu kama jani, ili divai isitiririke ovyo ubavuni. Yeyote aliyewahi kumimina chai kwa birika mbovu anaijua thamani ya jambo hilo.

Wataalamu wanalikadiria kuwa la mwaka 740 KK hivi, kwa kuangalia mtindo wa michoro yake.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye rangi, kwa sababu hapo ndipo mhandisi ndani yangu anapofurahi. Ule weusi unaong'aa kwenye vyungu vya Athens si rangi. Ni udongo ule ule wa chungu chenyewe, ila umechujwa majini mpaka zikabaki chembe ndogo kabisa, ukawa uji laini. Mfinyanzi anapaka uji huo pale anapotaka weusi, halafu anachoma chombo mara moja tu, lakini kwa hatua tatu. Kwanza tanuri liko wazi, hewa inaingia, moto unapanda hadi nyuzi 800 za Selsiasi hivi, na chuma kilichomo udongoni kinakuwa chekundu (ni kutu ile ile ya bati la nyumba). Pili anaziba matundu na kutia kuni mbichi. Moshi unajaa, moto unakosa oksijeni na kuanza kuinyang'anya ile iliyomo udongoni, kila kitu kinageuka cheusi. Joto linazidi kupanda kuelekea 900 na zaidi, na hapo zile chembe ndogo za uji zinayeyuka nusu na kushikana kama kioo. Tatu anafungua tena matundu. Hewa inarudi, udongo wa kawaida wenye vitundu unaivuta na kurudi kuwa mwekundu, lakini sehemu iliyopakwa uji imekwisha jifunga. Oksijeni haipiti. Inabaki nyeusi milele.

Fikiria: udongo mmoja, moto mmoja, na tofauti pekee ni ukubwa wa chembe. Hakuna aliyekuwa na kipimajoto. Mfinyanzi aliangalia rangi ya moto kupitia tundu na kuamua. Akikosea dakika, tanuri zima limeharibika.

Kwa hiyo ukichukua kitu chenye ncha ukakwaruza ule weusi, unatokea udongo wa rangi hafifu chini yake. Ndicho alichofanya mtu mmoja. Gudulia lilikuwa limekwisha chomwa, pengine limekwisha nunuliwa na kutumiwa, ndipo akakwaruza begani pake herufi 46, zikilizunguka, kutoka kulia kwenda kushoto.

Herufi 35 za mwanzo zinasomeka vizuri. Zinasema kwamba yeyote kati ya wacheza ngoma wote ambaye sasa anacheza kwa wepesi kuliko wenzake... na herufi zinazofuata zinaonekana kusema kwamba hili ni lake. Basi. Gudulia ni zawadi ya mashindano ya kucheza.

Hapa Kiswahili kinatupa raha ambayo Waingereza hawana. Kitenzi kilichotumika, paizei, kinatokana na neno la "mtoto" na maana yake ya kwanza ni kucheza kama watoto wanavyocheza. Wafasiri wa Kiingereza wanahangaika: tuandike kucheza mchezo au kucheza dansi? Sisi hatuna shida hiyo. Mtoto anacheza, mpira unachezwa, ngoma inachezwa. Na neno la "wacheza ngoma" lililomo katika mstari huo, orcheston, ni ndugu wa orchestra, ambapo kwa Wagiriki palikuwa uwanja wa kuchezea ngoma. Baadaye sana neno likahamia kwa wapiga vyombo wenyewe. Kwa hiyo ukiona santuri ya Orchestra Super Mazembe, ujue neno la kwanza pale limetoka mbali.

Lakini kwa nini nasema mstari huu ni jambo la teknolojia? Turudi nyuma kidogo.

Wagiriki walikuwa wamewahi kuandika zamani zaidi, halafu wakasahau. Katika majumba ya wafalme wao, miaka ya 1400 hadi 1200 KK, makarani waliandika kwa mfumo unaoitwa Linear B, ambao Michael Ventris, msanifu majengo wa Kiingereza, aliufumbua mwaka 1952. Haukuwa wa herufi bali wa silabi, alama zipatazo 87: pa, pe, pi, po, na kadhalika. Unaona? Ba be bi bo bu! Mfumo huo ungetufaa sisi kuliko ulivyowafaa wao, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Kigiriki kina konsonanti zinazobanana, kwa hiyo khrusos, yaani dhahabu, karani aliandika ku-ru-so, kama sisi tulivyolifanya neno la Kiingereza "club" likawa "kilabu". Na waliandika nini? Orodha. Kondoo wangapi, mafuta kiasi gani, nani ana deni. Mabamba ya udongo hayakuchomwa, yalikaushwa tu, na yangekuwa vumbi leo kama majumba hayo yasingeteketea kwa moto mnamo 1200 KK. Moto ulioangamiza ofisi ndio uliochoma mabamba na kuyahifadhi. (Wenzangu wa kutunza data, sipendekezi njia hii.) Makarani walitoweka pamoja na majumba, na kwa zaidi ya miaka 400 hatuna andiko la Kigiriki kutoka huko, isipokuwa Cyprus ambako walikuwa na mfumo wao mwingine wa silabi.

Kisha wakakutana na herufi za Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Wagiriki wenyewe hawakuificha asili hiyo. Herodotus, katika karne ya 5 KK, anaeleza kwamba herufi zililetwa na Wafoinike na ziliitwa kwa jina lao. Zilikuwa 22, zote konsonanti. Kwa lugha za Kisemiti hilo linavumilika, kwa sababu mzizi wa neno umo katika konsonanti na irabu unaweza kuzikisia ukijua lugha.

Kwa Kigiriki halivumiliki. Kwa Kiswahili pia halivumiliki. Andika "Juma kaoa" na "Juma kaua" bila irabu uone: yote mawili ni J, M, K. Tofauti kati ya harusi na mahakama imepotea. Kwenye gudulia letu neno la "kwa wepesi kuliko wote" ni atalotata, herufi tisa, na ukiondoa irabu zinabaki T, L, T, T. Msomaji afanye nini na hizo?

Suluhisho lililopatikana ni la ajabu kwa urahisi wake, na nadhani wasomaji wa Kiswahili wanaweza kulielewa haraka kuliko watu wengi. Chukua maneno matatu: elimu, akili, umri. Yote yametoka Kiarabu, na kwa Kiarabu yote yanaanza kwa herufi moja, 'ain, ile sauti inayotoka kooni. Waswahili wengi hatuna sauti hiyo. Tulipoyachukua maneno, koo lilidondoka, ikabaki irabu iliyokuwa nyuma yake: e, a, u. Sasa fikiria Mgiriki anayefundishwa na Mfoinike. Mwalimu anasema jina la herufi, "'ain", na maana yake ni jicho, na kweli umbo lake ni duara kama jicho. Mgiriki hana koo hilo. Kwake herufi hii haina kazi. Vilevile aleph, maana yake ng'ombe dume, inaanza kwa kukata pumzi kooni. Mgiriki haisikii hiyo konsonanti kama sauti ya kuandikwa. Anachosikia ni "a". Akaiita alpha, akaitumia kwa a. He ikawa e. Yod ikawa i. Waw ikawa u. Na lile jicho likawa o, na mpaka leo ni duara. Ukiandika "o" unachora jicho la Mfoinike.

Yaani hawakuongeza herufi tano mpya ili kupata irabu. Walichukua zile zilizobaki bila kazi wakazipa kazi nyingine. Ni kosa la kusikia au ni ubunifu? Wataalamu wamebishana. Mimi naona mtu aliyejua anachokifanya, kwa sababu matokeo yamepangika mno: irabu tano, kila moja na herufi yake, na mpango ule ule unaonekana Athens na kwingineko tangu maandishi ya mwanzo kabisa. Kitu kikisikiwa vibaya mara nyingi na watu mbalimbali hakitoki sawasawa kila mahali.

Kwenye gudulia la Dipylon zote tano zimo. Nimezihesabu: kati ya zile herufi 35 zinazosomeka vizuri, 16 ni irabu. Alpha bado imelala ubavu, kama ilivyokuwa kwa Wafoinike, haijasimama kuwa A tunayoijua. O moja inabeba kazi ya o fupi na o ndefu, kasoro ambayo Athens iliirekebisha rasmi mwaka 403 KK tu, ilipokubali alfabeti ya Wagiriki wa Ionia yenye herufi mbili tofauti.

Pwani yetu inalijua tatizo hili kwa uzoefu wake. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kupitia Kiaramu ni wajukuu wa Wafoinike hao hao. Alama za irabu za Kiarabu ni tatu, zetu ni tano. E na i zikagawana alama, o na u zikagawana nyingine. Kwa alama hizo za kawaida kaoa na kaua huandikwa sawa. Waandishi wa Mombasa na Lamu hawakushindwa kusomana, maana shairi walilijua na muktadha uliwasaidia, na wapo waliobuni alama za ziada za kutenganisha e na i. Lakini ni tatizo lile lile, na jibu lake likatafutwa kwa njia nyingine.

Sasa kuna swali kubwa linaloning'inia kwenye gudulia hili. Ilikuwaje irabu zikaonekana za lazima? Mwaka 1991 Barry Powell, msomi wa Marekani, alitoa hoja kwamba alfabeti ya Kigiriki ilitengenezwa na mtu mmoja kwa kusudi la kuandika mashairi ya Homer. Sababu zake zina nguvu. Ule mstari wa Dipylon si maneno ya kawaida, ni shairi, kwa bahari ile ile ya mashairi ya Homer. Na bahari hiyo haihesabu mizani tu kama utenzi wetu, inahesabu silabi ndefu na fupi kwa mpangilio maalumu. Bila irabu huwezi kuona mapigo yake. Halafu kuna kikombe kilichopatikana mwaka 1954 kwenye kisiwa cha Ischia huko Italia, cha karne ile ile ya 8 KK, nacho kina mistari mitatu inayotania kwamba atakayekinywea atashikwa na mapenzi. Pia ni shairi. Pia ni divai. Katika maandishi haya ya mwanzo huoni orodha ya kondoo wala hesabu ya mafuta.

Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza nilitaka sana iwe kweli. Nani hapendi? Teknolojia kubwa kuliko zote iliyozaliwa karamuni, si ofisini kwa mtoza ushuru! Lakini mtu wa data lazima aulize: tumebakiwa na nini? Mafunjo yameoza. Ngozi zimeoza. Vibao vya mbao vilivyopakwa nta vimeoza. Kama kulikuwa na mfanyabiashara bandarini anayeandika madeni yake kwa herufi hizi mwaka 740 KK, aliandika juu ya kitu ambacho kisingefika kwetu. Kilichofika ni kile kilichokwaruzwa kwenye udongo uliochomwa, na watu hukwaruza vyombo pale vyombo vilipo, yaani penye kunywa. Ni kama kutafuta historia ya uandishi wa Nairobi kwa kusoma maandishi ya matatu peke yake. Ungeona utani na mapenzi, usione risiti hata moja.

Hata hivyo hoja haianguki yote. Hata kama madeni yalikuwako, gudulia linathibitisha jambo jingine: miongo michache tu baada ya herufi kufika (andiko la herufi tano lililopatikana kaburini karibu na Roma, ambalo wengi hulihesabu kuwa la Kigiriki, hukadiriwa kuwa la 770 KK hivi), zilikwisha kutoka mikononi mwa makarani, kama waliwahi kuzishika. Linear B ilikuwa mali ya ofisi, ofisi ilipoungua ikafa nayo. Herufi 20 na kitu mtu anajifunza kwa siku chache, na aliyekwaruza gudulia hili hakuwa amemwandikia mfalme. Kitu kinachojulikana na walevi karamuni hakiuliwi kwa kuchoma jumba moja.

Turudi basi kwenye tarakilishi kama nilivyoahidi. Herufi za Kifoinike ziliingia Unicode katika toleo la 5.0, Julai 2006, baada ya ubishi mkali: baadhi ya wasomi wa lugha za Kisemiti walishikilia kwamba ni za Kiebrania kwa fonti nyingine, hazistahili namba zao. Zikapewa. Sasa angalia jicho letu. 'Ain ya Kifoinike ni U+1090F. Omikroni ya Kigiriki ni U+039F. O yetu ya Kilatini ni U+004F. Zote tatu zinaishia kwa F! Kwa sehemu ni bahati: Kifoinike kimeanzia sifuri na 'ain ni ya 16, Kigiriki na Kilatini zimeanzia moja na o ni ya 15. Lakini bahati hiyo isingewezekana kama mpangilio wa herufi usingebaki karibu vile vile kwa takriban miaka 3,000, herufi moja ikitoka huku na nyingine ikiingia kule.

Jambo moja Unicode inalikwepa. Kigiriki kwake huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitaka kuandika mstari wa Dipylon kwa mwelekeo wake mwenyewe, itabidi utie alama ya kulazimisha, U+202E, la sivyo programu itaugeuza.

Kuhusu zile herufi 11 za mwisho: baada ya maneno ya "hili ni lake" kunaonekana kitu kama K, L, M, N, zimechorwa vibaya, na mkono unaonekana kama si ule wa mwanzo. Maelezo ninayoyapenda ni kwamba mtu wa pili alishika ncha akajaribu naye, akaandika kipande cha alfabeti aliyokuwa akijifunza. Gudulia liko katika Jumba la Kitaifa la Makumbusho ya Akiolojia mjini Athens, namba 192. Ukifika, usisimame mbele tu. Maandishi yanaanza begani na yanazunguka, kwa hiyo zunguka nayo, kulia kwenda kushoto.